Becoming ya Michelle Obama kwa kusikiliza: ukifata umbea utaondoka na ratiba ya nyumba

Nianze na nyota ili mwenye haraka aondoke mapema: nne kati ya tano. Naongelea kitabu cha sauti, sio cha karatasi, Michelle Obama anasoma mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, masaa 19 na ushee. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya sehemu ya tatu na nitaeleza huko mbele, ila kama swali lako ni ninunue au nisinunue basi nunua, na kama unachagua kati ya karatasi na sauti chukua sauti hata kama ile ya karatasi ina picha.

Tusidanganyane lakini, wengi wetu tukishika kitabu cha mke wa rais tunajua tunachokitafuta. Tunataka kujua ndani kukoje. Wanagombana? Nani anaamka usiku mtoto akilia? Pesa ya mboga inatoka kwa nani? Mume akichelewa kurudi na yeye ndo bosi wa dunia, anaulizwa ulikuwa wapi kama wanaume wengine au anaachwa tu? Kitabu kinajibu karibu yote haya, ila kinajibu kwa masharti ya mwenye nyumba, yani milango inafunguliwa mingi tu lakini funguo kashika yeye, na kuna mlango mmoja mkubwa ambao ukifika pale unakuta umefungwa kistaarabu kabisa. Hilo ndo la kulijua kabla hujatoa hela yako.

Kuhusu usomaji wenyewe. Hii rekodi ilichukua Grammy mwaka 2020 kwenye kipengele cha masimulizi na sishangai, mama anasoma vizuri, anajua pa kupumzika, na akifika kwenye mambo ya baba yake unasikia kabisa kuwa sio mtu anayesoma karatasi. Ila anasoma taratibu mno. Mwanasheria wa Harvard huyu, kila sentensi anaimaliza mpaka mwisho hata ile ambayo ungeweza kuikisia. Mi niliweka spidi 1.25 ikawa sawa, ukienda 1.5 anakuwa kama mtangazaji wa mpira na ile sauti ya kukaa nae sebuleni inapotea, kwa hiyo usizidishe.

Sehemu ya kwanza ni utoto na sitakaa nayo sana. South Shore, Chicago, barabara ya Euclid, familia ya watu wanne wamebanana juu na shangazi wa mama yake anakaa chini, mwalimu wa piano, mkali, nyumba yake. Baba Fraser Robinson anafanya kazi kwenye mitambo ya maji ya jiji huku anaumwa ugonjwa wa neva unaomla miguu taratibu, kwanza fimbo moja, baadae magongo, na kazini anaenda tu. Mama Marian yuko nyumbani, kaka Craig anacheza basketi. Halafu Princeton, Harvard, kampuni kubwa ya sheria mjini Chicago, na mwaka 1989 anapewa kijana wa mafunzo amsimamie, jina gumu, siku ya kwanza anafika kachelewa. Unajua ni nani. Nasema usiruke hii sehemu hata kama inaonekana ndefu, kwa sababu yule mama Marian anarudi baadae na ndo mhusika bora wa kitabu kizima kwa maoni yangu, na bila kumjua hapa huwezi kumfurahia kule.

Sasa sehemu ya pili, hapa ndo pesa yako inarudi.

Kwanza kuna ile ya posa. Jamaa alikuwa na falsafa zake kwamba ndoa ni karatasi tu, mapenzi yanatosha, na mwanamke anataka ndoa, wanabishana hiyo mada miezi na miezi. Mwaka 1991 jamaa kamaliza mtihani wa uwakili wanaenda kula kusherehekea, na pale mezani anaianzisha tena ileile mada ya ndoa haina maana, mwanamke anapandisha, yani anapandisha kweli mwanasheria na mwanasheria, weita analeta sahani ya kitindamlo imefunikwa, kufunua hakuna keki kuna kiboksi cha pete. Walioana Oktoba 1992. Nimecheka peke yangu barabarani.

Halafu kicheko kinaisha. Anasimulia mimba ya kwanza ilivyotoka, na jinsi alivyojiona kafeli yeye binafsi kwa sababu wanawake hawaambiani haya mambo, kila mmoja anabeba lake. Wakaenda kwenye IVF, yani mimba ya kupandikizwa hospitalini. Na hapa kuna picha ambayo mi naona ndo moyo wa kitabu: mume kashachaguliwa kwenye seneti ya jimbo la Illinois, vikao viko Springfield, masaa kama matatu kwa gari toka Chicago, yuko kule katikati ya wiki, na mke yuko bafuni peke yake na sindano mkononi anajichoma mwenyewe. Hakuna bodigadi hapo, hakuna Ikulu, hakuna anayewajua. Ni mke wa mwanasiasa mdogo wa jimbo ambaye mume hayupo. Anasema wazi kwamba pale alianza kuhisi kachuki fulani na siasa, na na ule moyo wa mume wa kuipenda kazi yake. Hajapamba. Malia akazaliwa 1998, Sasha 2001.

Na hii stori ya kutokuwepo ndo inabeba sehemu yote ya pili. Kuna kipande cha "niko njiani" ambacho nadhani kila aliyewahi kuishi na mtu atakielewa. Mume anapiga simu niko njiani, mke anawaweka watoto macho wamuone baba, chakula kinapoa, simu tena nakaribia kufika, kumbe kwenye "nakaribia" humo ndani kuna maongezi marefu na mwenzie na kupitia jim kwanza. Sio muongo, anaeleza mke, ni mtu ambaye kweli kabisa anaamini atafika, matumaini ndo ugonjwa wake. Watoto wamelala kwenye sofa wanamsubiri, mke kavimba.

Wakaenda kwa mshauri wa ndoa. Mke anakiri alienda akiwa na matarajio kwamba mshauri atamgeukia mume amwambie bwana wewe ndo tatizo, jirekebishe, kesi imefungwa. Haikuwa hivo. Alichotoka nacho ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa kaegesha furaha yake yote kwenye saa ambayo mwanaume atafungua mlango. Akabadilisha, na namna alivyobadilisha ndo inanifanya nimheshimu: aliweka ratiba. Chakula cha jioni saa 12 na nusu, kuoga saa 1, vitabu na kukumbatiana, saa 2 kamili taa zimezimwa. Baba akiwahi kawahi, asipowahi atakuta watoto wamelala na atawaona kesho. Hakuna kusubiriwa tena. Hakuna ugomvi wala nini, mzigo umehamishwa tu toka kwa wanaosubiri kwenda kwa anayesubiriwa. Nimesikia watu wanamwita mwanamke wa chuma kwa sababu ya hotuba zake, mi naona chuma kiko hapa, kwenye saa 12 na nusu.

Halafu ile ratiba ikahamia Ikulu nayo. Rais wa Marekani alikuwa anapanda ghorofani kula na watoto saa 12 na nusu akiwepo mjini. Kwa hiyo usipoelewa ile ya Chicago hii ya Washington itakupita kama kitu cha kawaida.

Kingine ambacho sikukitegemea ni stori ya Hawaii. Krismasi ya 1999 wameenda kumuona bibi yake Obama, Malia hata miaka miwili hana anaumwa masikio ana homa, na huku Illinois ikaitishwa kura muhimu ya sheria ya silaha. Jamaa kachagua kubaki na mtoto. Akakosa kura, magazeti yakamchana, na mwaka uliofata akagombea bunge la Washington akapigwa vibaya na Bobby Rush, mbunge aliyekuwa anakikalia kiti hicho. Mke anaisimulia bila kumtetea sana wala kumlaumu, unaachwa uone mwenyewe kuwa siasa zinakulaumu ukiwa baba na nyumbani wanakulaumu ukiwa mwanasiasa. Hapa nilirudisha nyuma nikasikiliza tena.

Sasa sehemu ya tatu, Ikulu yenyewe, Januari 2009 mpaka Januari 2017. Hapa kuna mambo ya nyumbani matamu sana na kuna mambo ya kuchosha, yamechanganywa.

Matamu kwanza. Nyumba ina vyumba 132 na mabafu 35. Kodi hulipi, umeme hulipi, wafanyakazi wanalipwa na serikali, lakini chakula chenu unalipa mwenyewe! Kila mwezi bili inakuja imeandikwa kitu kimoja kimoja, mpaka toilet pepa. Na mke wa rais hana mshahara. Kumbe mume akila tunda fulani la ajabuajabu akasema aisee hili zuri, wapishi wamesikia, wanaliweka kwenye mzunguko, na mwisho wa mwezi mnagundua linaletwa kwa ndege toka nje. Ikabidi mama aingilie kati. Nguo pia kwa sehemu kubwa ni hela yake, na mtu wa mavazi yake alikuwa anahakikisha kila gauni linaruhusu kuinua mikono, kuchuchumaa, kukumbatia mtoto, maana kamera haina huruma.

Halafu madirisha hayafunguki. Hili linarudi rudi na mi naona ndo njia yake ya kusema mambo ambayo hataki kuyasema moja kwa moja. Kioo kinene, nje kunaonekana ila husikii kitu. Akitaka kutoka tu kwenye ile baraza kubwa ya Truman avute hewa, lazima awaambie Secret Service, walinzi wa rais, kwanza na wao wafunge kipande cha barabara kinachoonekana toka pale, watalii wahamishwe, kwa hiyo akawa anafikiria mara mbili kama hewa yenyewe ina thamani ya usumbufu wa watu wote wale. Mwaka 2011 mtu mmoja alifyatua risasi toka barabarani zikaigonga nyumba, na lile dirisha lililopigwa lilichukua miezi kubadilishwa, akawa anapita anaiona alama kwenye kioo. Wakati huo ana watoto wa miaka 10 na 13. Ukishasikia hiyo, yale maneno makali anayoyasema kuhusu Trump na uzushi wa cheti cha kuzaliwa cha mumewe, kwamba eti hakuzaliwa Marekani, unayaelewa kama maneno ya mama na sio ya chama. Anasema hatamsamehe, basi, anaendelea.

Deti ya New York nayo. Mei 2009 mume kaahidi baada ya kampeni atamtoa out, wakaenda, mgahawa halafu tamthilia Broadway. Kwenda kula tu na mume wako, ndege, msafara, barabara zimefungwa, watazamaji wengine wanapekuliwa mmoja mmoja mlangoni, tamthilia inachelewa kuanza kwa sababu yenu, na kesho yake wapinzani wanauliza hela ya nani imetumika. Anasema ile raha ilikuwa na uzito wake. Ukiwa na ndoto za kuolewa na mkubwa sikiliza hapa mara mbili.

Na mama Marian! Huyu bibi hakutaka kuhamia Ikulu, alibembelezwa, akaja akapewa makao ghorofa ya tatu, akakataa kufuliwa nguo, anafua mwenyewe. Hakutaka walinzi wa kumfata. Anatoka getini kwa miguu zake anaenda duka la dawa kununua vitu vyake, na mtu akimwambia mama mbona unafanana na mama yake Michelle Obama anajibu ndio huwa naambiwa hivo, anaondoka. Alifariki Mei 2024 akiwa na miaka 86, kwa hiyo ukisikiliza saivi vile vipande vinakaa tofauti kidogo. Katika nyumba nzima yeye peke yake ndo alikuwa na maisha binafsi ya kweli, na aliyapata kwa kukataa vitu.

Usiku wa Juni 26, 2015 ndo kipande ninachokipenda kwenye sehemu hii. Mahakama ya juu imeruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima, nje Ikulu imewashwa taa za rangi za upinde wa mvua, watu wamejaa nje wanashangilia, na ndani kwa sababu ya vile vioo hakusikiki chochote, ni mwanga tu wa rangi ukutani. Mchana yeye na mumewe walikuwa Charleston kwenye mazishi ya mchungaji aliyeuawa kanisani. Michelle anataka kutoka aone. Sasha hataki, Malia anakubali. Wakaanza kushuka wawili, wanapita walinzi wanaojaribu kuwazuia, wanatafuta mlango, mtu mzima mwenye miaka 51 anatoroka kwake. Walisimama pembeni gizani wakatazama, hewa ya joto, kelele za watu zikawafikia. Sauti yake hapa inachangamka kama mtoto.

Haya sasa nyota niliyoikata. Katikati ya hivi vitu vizuri kuna masaa, sio dakika, ya miradi. Bustani ya mboga, kampeni ya watoto kufanya mazoezi, familia za wanajeshi, wasichana na shule. Kazi nzuri sana sibishi, ila zinasomwa kama ripoti ya mwaka ya shirika, nani alishirikiana na nani, waliwafikia watu wangapi, na ile sauti ya sebuleni inageuka ya jukwaani. Ruka bila aibu.

Na ule mlango niliosema umefungwa ndo huu: mume anapotea. Sehemu ya pili Obama ni mtu, anachelewa, anavuta sigara, anaacha soksi, ana matumaini ya kijinga. Akishaapishwa anakuwa mwanaume anayekula saa 12 na nusu halafu anaenda kwenye chumba chake cha kazi na mafaili mpaka usiku wa manane, na mke anamwangalia kwa mbali kwa upendo na heshima. Miaka nane kwenye nyumba moja, na presha yote ile, hakuna kununiana hata siku moja? Hapana bana. Mwaka 2022 mwenyewe aliongea kwenye kipindi akasema kulikuwa na miaka kumi hivi alikuwa hamvumilii mumewe, watoto walipokuwa wadogo. Maneno hayo makavu kwenye kitabu hayapo, kuna toleo lake lililopigwa pasi. Namuelewa, watoto wake wanasoma, maadui zake wanasoma, na hakuna sheria inayosema mwanamke akishaolewa na rais basi chumba chake cha kulala ni mali ya umma. Lakini mi ni mteja naeleza kilichomo kwenye boksi na kisichomo.

Kwa haki tu niseme Wamarekani wameshapata mke wa rais aliyefungua zaidi. Betty Ford mwaka 1974 alitangaza amekatwa ziwa kwa saratani wakati watu walikuwa hawalitaji hilo neno hadharani, na mwaka 1978 akasema wazi kuwa ana tatizo la pombe na vidonge, baadae akaanzisha kituo cha matibabu. Ukimweka pembeni ya Betty, Michelle ni msiri. Ila kwenye ile ya mimba kutoka na IVF alisema lililokuwa halijasemwa na mke wa rais yeyote kwa namna ile, na wanawake wengi waliitikia, kwa hiyo simuweki chini sana.

Ufundi wa bidhaa yenyewe: sauti safi, hakuna muziki wa kukera katikati, sura zimegawanywa vizuri kwa hiyo ukilala njiani unarudi bila shida. Kiingereza chake ni rahisi kufata, hatumii maneno ya kujionyesha, hata kama lugha sio yako ya kila siku utaenda nae. Urefu ndo mtihani, masaa 19 ni mengi, kwa hiyo ushauri wangu ni usisikilize mfululizo, sehemu ya kwanza ukiwa na kazi za mikono, ya pili ukiwa umetulia, ya tatu ruka ruka ukifata madirisha na bibi.

Mwenye kupenda siasa za ndani za serikali ya Obama, nani alimshauri nini kuhusu vita, hapa hakuna kitu, tafuta cha mumewe. Anayetaka kashfa apite tu. Aliye kwenye ndoa na mtu wa kazi nyingi, awe mwanasiasa awe daktari awe dereva, hiki ni chako, na mkikisikiliza wawili kwenye gari basi ikifika ile ya "niko njiani" mwenye tabia hiyo ajiandae kujitetea, maana kitufe cha kusimamisha kitabonyezwa.